Kupanga Gati na Yadi ya Makontena: Mwongozo Kamili, Kuanzia Taarifa ya Meli hadi Kamba ya Mwisho

Meli imepangiwa kuondoka saa 12 jioni, inaondoka kesho yake asubuhi, na nyingine iko nje imetia nanga ikisubiri. Likitokea mara moja ni bahati mbaya. Likitokea kila wiki, tatizo liko kwenye mpango wenyewe. Kosa huwa lile lile: gati limeahidiwa kabla yadi haijaulizwa, na saa za kazi zimepatikana kwa kugawa idadi ya makontena kwa idadi ya kreni.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio wa kazi ilivyo. Mazingira ni ya Mombasa na Dar es Salaam, na hesabu zote ni za meli moja ya mfano: urefu mita 260, kina cha kuzama mita 12.6, makontena 1,000 ya kushusha na 750 ya kupakia. Jumla ni minyanyuo 1,750.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kuchora chochote kabla ya kupata hivi:

- Taarifa ya wakala wa meli: urefu, kina cha kuzama mbele na nyuma, na saa ya kufika.
- Faili la mpango wa shehena melini (BAPLIE), linaloonyesha kila kontena liko beyi gani, safu gani na tabaka gani. Beyi ni kipande cha meli, au cha bloku ya yadi (eneo moja la makontena yaliyorundikwa), chenye urefu wa kontena moja.
- Orodha ya kushusha na orodha ya kupakia, pamoja na uzito uliothibitishwa wa kila kontena lenye mzigo. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) haziruhusu kontena kupakiwa bila uzito huo.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari yako, la mwaka huu.
- Hali ya kreni: zipi nzima, zipi ziko kwa mafundi, na zimesimama wapi kwenye reli.
- Picha ya yadi ya leo: kila bloku ina nini, na ni nini kitatoka kabla meli haijafika.
- Orodha ya makontena ya jokofu na ya shehena ya hatari, kila moja peke yake.

Orodha ya kupakia ikiwa bado haijafika, weka makisio lakini yaandike kwa rangi nyingine. Makisio yaliyoandikwa kwa wino ule ule yakifika zamu ya usiku huwa yamegeuka ukweli.

## Hatua ya 1: Uliza saa ya kufika ni saa ya wapi

"Inafika saa mbili" ni sentensi ya hatari. Saa mbili ya asubuhi au ya usiku? Ya Kiswahili au ya nahodha? Andika 08:00 au 20:00, na uandike ni saa za Afrika Mashariki. Meli itokayo Salalah huja na saa za Oman, zilizo mbele kwa saa moja.

Kisha uliza inafika wapi. Kufika mahali pa kumpokea rubani, anayeiongoza meli kuingia bandarini, si kufika gatini. Kati ya rubani kupanda na kamba zote kufungwa, tenga saa 2. Mombasa meli hupita inapovuka feri ya Likoni, na Dar es Salaam hupita kwenye mlango unaokatwa na kivuko cha Magogoni na Kigamboni. Kwa hiyo mwendo wa mwisho ni wa polepole, na tagi (boti za kuvuta na kusukuma meli) lazima ziwe tayari. Tagi zikiwa mbili na meli mbili zinataka kusogea saa ile ile, moja itasubiri hata kama magati yote mawili ni matupu.

Thibitisha saa hiyo tena saa 72, 48 na 24 kabla.

Umefaulu ikiwa mpango wako una saa tatu tofauti: rubani kupanda, kamba ya kwanza, na mnyanyuo wa kwanza.

## Hatua ya 2: Pima maji mara mbili, ya kuingilia na ya kukaa

Wengi hupima ya kuingilia tu. Hapo ndipo meli huja kukaa mchangani ikiwa imefungwa vizuri kabisa.

Chukua kina cha kuzama na uongeze nafasi ya usalama chini ya mkuku (uti wa chini wa meli). Kiasi kinachotumika sana cha kupangia ni asilimia 10, ila kanuni ya bandari yako na neno la rubani ndivyo vinavyoamua. Kwa meli yetu: 12.6 + 1.26 = mita 13.86. Ikiwa njia ya meli ina kina cha mita 13.0 kwenye chati (kipimo cha maji yakiwa yamekupwa kabisa), unahitaji maji yawe yamepanda angalau mita 0.86. Fungua jedwali, tafuta ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi maji yako juu ya kiasi hicho. Huo ndio mlango wako.

Sasa pima ya kukaa. Baada ya maji kujaa, yatakupwa ndani ya saa 6 na dakika chache. Gati likiwa na mita 13.0 kwenye chati na maji yakashuka hadi sifuri ya chati, chini ya mkuku zitabaki sentimita 40.

Hapa bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) hufanya kazi kinyume. Wakati wa bamvua, Kilindini maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3: kuingia ni rahisi, kukaa ni kugumu. Wakati wa maji mafu hupati maji mengi ya kuingilia, lakini hayashuki sana meli ikiwa gatini. Mpangaji anayetazama saa ya maji kujaa peke yake ameona nusu ya jedwali.

Njia ya kujiokoa ni kushusha mapema. Meli ya ukubwa huu huinuka takriban sentimita 1 kwa kila tani 65 zinazotoka. Kreni tatu zikishusha kwa saa 5 hutoa kama makontena 375. Kila moja likiwa na wastani wa tani 14, ni tani 5,250, na meli imeinuka karibu sentimita 80 kabla maji hayajafika chini kabisa.

Onyo: usitegemee hesabu hiyo bila nahodha na rubani kuikubali. Kreni zikichelewa kuanza, au mzigo wote ukitoka upande wa tezi (nyuma ya meli), omo (mbele yake) itabaki pale pale ilipokuwa.

## Hatua ya 3: Panga kwa mita, siyo kwa namba ya gati

Namba za magati ni za wakala na za hati. Wewe fanya kazi kwa mita. Chora mchoro wenye mita za gati kwa upana na saa kwa urefu. Kila meli ni mstatili. Mistatili miwili ikigusana, una tatizo, na unaliona bila kusoma neno.

Magati 16 hadi 19 ya Mombasa, yakichukuliwa kama mstari mmoja, yana takriban mita 840. Meli tatu za mita 260 ni mita 780. Acha mita 25 kati ya meli na meli, jumla inakuwa 830. Kwenye karatasi zimeenea, na mita 10 zimebaki!

Gatini hazienei. Kamba za omo za meli ya kwanza na za tezi za meli ya mwisho zinahitaji vigingi (vyuma vya gatini vya kufungia kamba) vilivyo mbele na nyuma ya meli, na mita 10 za kugawana ncha mbili hazitoshi. Kamba iliyosimama karibu wima haizuii meli kwenda mbele na nyuma. Kusi likivuma, meli itacheza na kreni italenga bila kupata.

Andika namba ya kigingi ambapo omo itakaa, na upande utakaolala gatini, wa kulia au wa kushoto. Upande ukibadilika dakika ya mwisho, beyi zote zinageuka na mpango wa kreni umekufa.

Umefaulu ikiwa mtu wa kamba anaweza kuusoma mpango wako na kujua asimame kigingi gani bila kukupigia simu.

## Hatua ya 4: Tafuta kreni ya mwisho

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, kwa hiyo ifanye polepole.

Hesabu ya haraka inasema: kreni 3, kila moja minyanyuo 25 kwa saa, ni 75 kwa saa; 1,750 ÷ 75 = saa 23.3. Hesabu ni sahihi na jibu ni la uongo, kwa sababu inadhani kazi imegawanyika sawasawa kwenye meli. Haijagawanyika.

Fungua faili la shehena, andika minyanyuo ya kila beyi, kushusha na kupakia pamoja. Ongeza vifuniko vya ngama (tumbo la meli la kuwekea shehena), kwani kila kifuniko ni mnyanyuo wa kutoa na mnyanyuo wa kurudisha. Ongeza pia makontena yanayotolewa ili kufikia ya chini kisha yakarudishwa.

Tuseme ngama moja ya katikati ina minyanyuo 720. Kreni moja tu ndiyo inayoweza kuifanyia kazi, kwa sababu kreni mbili haziwezi kubanana; kati yao huachwa angalau nafasi ya beyi mbili za futi 40. 720 ÷ 25 = saa 28.8. Hiyo ndiyo kreni ya mwisho, na meli haiondoki kabla yake. Ukiongeza kreni ya nne, hesabu ya haraka itashuka hadi saa 17.5, na meli itaondoka saa ile ile.

Kinachosaidia ni hiki:

1. Kreni hiyo ianze ya kwanza, dakika ile kazi melini ikiruhusiwa.
2. Mpe dereva wako mwepesi kreni hiyo, naye amwachie mwenzake usukani bila kreni kusimama wakati wa chakula.
3. Makontena ya futi 20 yanyanyuliwe mawili mawili kama kreni na uzito vinaruhusu.
4. Mwombe mpangaji wa shehena wa kampuni ya meli asogeze sehemu ya makontena ya kupakia kwenye beyi nyingine. Omba siku 2 kabla. Meli ikishafika, jibu ni hapana.

Kumbuka kreni ziko kwenye reli moja na haziwezi kurukana. Kreni mbovu iliyosimama katikati imekugawia gati vipande viwili.

Sasa jumlisha. Saa 28.8, ongeza asilimia 10 ya kubadilishana zamu, kufungua vyuma vya makontena na upepo (kreni nyingi husimamishwa upepo ukifika karibu kilomita 72 kwa saa): takriban saa 32. Saa 1 kutoka kamba hadi mnyanyuo wa kwanza, saa 1.5 kutoka mnyanyuo wa mwisho hadi kamba ya mwisho. Gati limeshikwa saa 34.5. Aliyeandika 23.3 amemwahidi wakala wa meli inayofuata saa 11 ambazo hana.

## Hatua ya 5: Uliza yadi kabla ya kuahidi gati

Makontena 1,000 ya kushusha: tuseme 600 ya futi 40 na 400 ya futi 20. Kwa kipimo cha TEU, yaani nafasi ya kontena la futi 20, ni TEU 1,600. Je, zipo?

Chukua bloku ya kreni ya matairi yenye safu 6. Ukipanga tabaka 4, beyi moja ina nafasi 24. Usizijaze zote. Ili kufikia kontena la chini kabisa unahitaji mahali pa kuweka matatu yaliyo juu yake, kwa hiyo nafasi 3 hubaki wazi. Zinazotumika ni 21. 1,600 ÷ 21 = beyi 77, karibu bloku mbili za beyi 40.

Kwa tabaka 5, nafasi ni 30, nne zinabaki wazi, zinatumika 26. Unahitaji beyi 62. Umeokoa beyi 15, na umezilipia kwa kufukua. Kontena la mwagizaji huitwa bila mpangilio, kwa hiyo wastani wa yaliyo juu yake ni tabaka kutoa moja, gawa kwa mbili: tabaka 4 ni 1.5, tabaka 5 ni 2. Kila lori litakalokuja litaingojea kreni ya yadi muda mrefu zaidi, kwa siku zote mzigo utakapokuwa pale.

Halafu tazama siku za kukaa. Yadi inayopokea TEU 900 kwa siku, kila moja ikikaa siku 6, ina TEU 5,400. Siku zikiwa 8, zinakuwa 7,200. TEU 1,800 zimeongezeka, beyi 86, na hakuna meli hata moja iliyoongezeka. Ndiyo maana taarifa ya mtandao wa forodha kukatika inamhusu mpangaji wa gati kuliko anavyodhani.

Onyo: bloku iliyojaa asilimia 90 haina nafasi ya asilimia 10. Imejaa.

## Hatua ya 6: Gawa makontena ya kushusha kwa njia yatakayotokea

Usiyapange kwa meli yaliyokujia. Yapange kwa mlango wa kutokea.

Mombasa, mzigo wa reli ya SGR unaokwenda Nairobi au Naivasha ukae karibu na reli, ukiwa umetengwa kwa treni. Mzigo wa lori wa Uganda, Rwanda na Kongo unaopitia Malaba au Busia hukaa siku nyingi zaidi kuliko wa mjini, kwa hiyo uwekwe pembeni, mbali na bloku zinazozunguka haraka. Dar es Salaam hali ni hiyo hiyo kwa mizigo ya Tunduma, Rusumo na Kabanga. Ya bandari kavu yakae pamoja, kwani huondoka kwa mkupuo, na kinachoondoka kwa mkupuo hakihitaji kufukuliwa. Hapo tabaka 5 ni halali kabisa.

Usichanganye futi 20 na futi 40 kwenye beyi moja. Kontena la futi 20 haliwekwi juu ya la futi 40, kwa kuwa nguzo zake za katikati hazina kitu cha kukanyagia.

Matupu ni jambo jingine. Kampuni ya meli hutaka kontena tupu la aina fulani, siyo namba fulani, kwa hiyo la juu kabisa linafaa. Yapange marefu, mbali na gati, na wakati wa kusi usiache safu moja nyembamba imesimama peke yake.

## Hatua ya 7: Panga ya kupakia kwa kuanzia chini ya ngama

Tenganisha kwa meli, kisha bandari ya kushukia, kisha ukubwa, kisha uzito. Madaraja matatu ya uzito yanatosha: hadi tani 10, tani 10 hadi 20, na zaidi ya 20. Shaba ya Zambia na Kongo inayopitia Dar es Salaam huwa daraja la tatu moja kwa moja.

Mazito huingia kwanza, chini ya ngama. Kwa hiyo yadini yanatakiwa yafikiwe kwanza: yawe juu, au yawe na safu zao peke yao. Wanaoyaweka chini "kwa sababu ni mazito" huyafukua yote usiku wa kupakia, kreni ya gati ikiwa imening'iniza nyaya tupu hewani. Pale kanuni za usalama za yadi yako zinapokataza mazito juu, tumia safu tofauti.

Weka saa ya kufunga mapokezi, kwa kawaida saa 24 kabla ya meli, na uiheshimu. Kontena moja lililopokelewa kwa hisani baada ya hapo hukaa juu ya mengine ishirini yaliyokuja kwa wakati.

## Hatua ya 8: Jokofu na shehena ya hatari

Hesabu soketi zenye umeme, siyo nafasi za ardhini. Soketi mbovu ni nafasi isiyokuwepo. Msimu wa parachichi, makontena ya kupakia hufika yote siku ya mwisho, wakati ule ule ambao ya kushusha yanahitaji soketi hizo hizo. Panga kreni ianze na jokofu za kupakia.

Shehena ya hatari ipangwe kwa daraja lake na jedwali la utengano la IMDG (kanuni za kimataifa za shehena ya hatari baharini). Vilipuzi na vitu vya mionzi havilali yadini. Hutoka melini vikapanda lori lililokwisha kusubiri, na lori lisipokuwepo havishushwi. Sianidi ya migodi ya dhahabu isikae karibu na asidi kabisa, kwani vikikutana hutoa gesi inayoua. Amonia naitreti isirundikwe na kusahauliwa. Iliyolipuka Beirut, Agosti 2020, ilikuwa tani 2,750.

## Hatua ya 9: Rudi gatini, hesabu matrekta

Sasa unajua bloku zako ziko wapi. Rudi kwenye mchoro wa Hatua ya 3 na usogeze meli ikae mbele ya bloku hizo kadiri maji na vigingi vinavyoruhusu.

Sababu ni hii. Kreni ya minyanyuo 25 kwa saa hutoa kontena kila baada ya dakika 2.4. Trekta likienda yadini na kurudi kwa dakika 12, unahitaji matrekta 5 kwa kila kreni. Bloku ikiwa mbali na mzunguko ukawa dakika 18, unahitaji 8. Kwa kreni tatu ni tofauti ya 15 na 24. Ukiwa na 15 tu, kreni ya gati itashuka hadi minyanyuo 17 kwa saa, na ile ngama ya 720 itachukua saa 42.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kreni za yadi. Moja inayopokea mzigo wa meli hufanya kama minyanyuo 12 kwa saa, kwa hiyo kreni tatu za gati zinahitaji saba za yadi, bila kuhesabu zinazohudumia malori ya nje. Usielekeze kreni mbili za gati kwenye bloku moja. Na bloku inayoshusha meli isiwe inatoa malori ya wateja saa ile ile kama kuna namna ya kuepuka.

## Hatua ya 10: Kazi ikianza

Saa 2 baada ya mnyanyuo wa kwanza, tazama kreni ya mwisho peke yake. Imefanya minyanyuo 50? Ikiwa ni 36, usingoje asubuhi. Angalia chini yake: kuna matrekta yanayosubiri, au ndiyo inayosubiri matrekta? Matrekta yakisubiri, tatizo liko kwenye kreni au kwa wanaofungua vyuma. Ikiwa kreni ndiyo inayosubiri, tatizo ni yadi, na dawa ni kubadilisha bloku au kuongeza kreni ya yadi.

Sahihisha saa ya kuondoka na umwambie wakala wa meli ya pili mapema. Nahodha aliye mbali anaweza kupunguza mwendo. Aliyekwisha kutia nanga hana la kufanya.

Kamba ya mwisho ikifunguliwa, andika kando ya kila namba ya mpango namba halisi: minyanyuo kwa saa ya kila kreni, mzunguko wa matrekta wa kila bloku, na idadi ya makontena yaliyofukuliwa. Namba hizo ndizo za kutumia kwa meli inayofuata badala ya 25, 12 na 12 zilizo kwenye mwongozo huu.